CHOVYA CHOVYA HUMALIZA BUYU LA ASALI

Katika kata ya Kawetele, mjini Tukuyu, kama ilivyo katika kila mji mdogo wa nchi yetu, kompyuta si kitu cha ajabu tena. Mwanafunzi hupeleka kazi yake ikapigwe chapa. Mwalimu hutoa nakala za mitihani. Mkulima wa parachichi hujaziwa fomu zake. Kijana aliyemaliza chuo hutuma maombi ya kazi. Shughuli zote hizi hupita katika mashine moja au mbili zilizowekwa ndani ya chumba kidogo cha steshenari. Nyuma ya kila mashine iko mikataba ambayo mwenye duka hakuiandika, wala hakuulizwa maoni yake ilipoandikwa. Iko dhamana ya kompyuta yenyewe. Uko mkataba wa matengenezo. Iko leseni ya programu inayolipiwa kila mwezi au kila mwaka. Na kiko kifurushi cha intaneti. Yote hayo ameyakubali kwa kubonyeza neno moja tu: nakubali.

Twataka leo tuizungumze mikataba hiyo, na hasa swali moja ambalo wafanyakazi na wakulima hawalizungumzi vya kutosha. Je, mkataba wa namna hiyo ukivunjwa na kampuni, na hasara ya kila mteja ikawa ndogo, nani atakayemdai mvunjaji? Na ikiwa kampuni itakubali kulipa, fedha hizo zitamfikia nani?

Tuchukue mfano wa hesabu tu, bila kumtaja mtu wala kampuni. Tuseme kampuni imewakata wateja wake shilingi 1,000 kila mwezi kwa huduma ambayo hawakuiomba. Mwenye steshenari wa Kawetele amepoteza shilingi 12,000 kwa mwaka. Je, atafunga duka aende mahakamani kwa shilingi 12,000? Nauli, karatasi, siku za kazi zilizopotea na ada ya wakili zitaimeza fedha hiyo mara nyingi kabla shauri halijatajwa hata mara moja. Kwa hiyo atanung'unika, atasema yamekwisha, naye atarudi kwenye kazi yake. Lakini wateja waliokatwa hivyo wakiwa 200,000, kampuni itakuwa imekusanya shilingi bilioni 2.4 kwa mwaka. Hasara iliyokuwa ndogo mno kwa mmoja imekuwa mali nyingi mkononi mwa mwingine. Wahenga walisema kweli: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Ndiyo maana sheria za nchi nyingi zimeweka njia ya wengi kudai pamoja. Mtu mmoja au wachache husimama mahakamani kwa niaba ya wote walioumizwa kwa namna moja, na hukumu, au maridhiano yakifikiwa, huwa ya wote. Hapa kwetu njia hiyo si ngeni hata kidogo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, katika Amri ya Kwanza, Kanuni ya 8, inasema kwamba watu wengi wakiwa na maslahi yale yale katika shauri moja, mmoja wao au zaidi anaweza, kwa idhini ya mahakama, kushtaki kwa niaba ya wote. Mahakama hutoa taarifa kwa wenzao, na kama ni wengi mno wasiweze kufikiwa mmoja mmoja, taarifa hutolewa kwa tangazo. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, mlango huo umekuwa wazi.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba mwaka ule ule wa 1966 Marekani nayo iliiandika upya kanuni yake ya mashauri ya aina hii katika mahakama za shirikisho, yaani Kanuni ya 23. Nchi mbili zilianza karibu pamoja, lakini zikaenda njia tofauti. Huko Marekani mashauri ya pamoja ya wateja yamekuwa kazi ya kila siku, na mengi huishia katika maridhiano nje ya hukumu. Huku kwetu kanuni imebaki fupi kama ilivyozaliwa. Haielezi kwa urefu maridhiano yakaguliwe vipi, wala fedha zigawanywe kwa utaratibu gani. Kwa hiyo yafaa tuitazame njia waliyoipita wenzetu, tuchukue lililo jema na kuyakataa mashimo waliyotumbukia.

Tuanze na lililo jema. Kampuni ya Apple ya Marekani huwauzia wateja wake mkataba wa matengenezo uitwao AppleCare. Mteja hulipa fedha zaidi juu ya bei ya kifaa, naye huahidiwa kwamba kifaa kikiharibika atapewa kingine kilicho sawa na kipya kwa utendaji na kwa kutegemewa. Baadhi ya wateja walishtaki, wakidai kwamba walipewa vifaa vilivyokwisha kutumika na kutengenezwa upya, visivyolingana na ahadi ile. Kampuni ilikana kosa. Lakini shauri hilo, lililowahusu walionunua mikataba hiyo tangu Julai 2012, lilimalizika kwa maridhiano ya dola milioni 95, yaliyopitishwa mwaka 2022. Hakuna hata mteja mmoja ambaye peke yake angeweza kuivuta kampuni hiyo hadi hapo. Wengi waliweza, kwa sababu walihesabiwa kuwa kitu kimoja mbele ya sheria.

Sasa tutazame mashimo. Mwezi Oktoba 1999 kampuni ya Toshiba ilikubali maridhiano katika shauri lililofunguliwa katika mahakama ya shirikisho huko Texas, kuhusu kasoro iliyodaiwa kuwamo katika sehemu ya kompyuta zake za mkononi inayoandika kumbukumbu kwenye disketi. Maridhiano hayo yalitajwa kuwa ya thamani ya dola bilioni 2.1. Hesabu hiyo ilishtua dunia. Lakini ukiifungua, utaona kwamba sehemu yake kubwa ilikuwa hati za punguzo: karatasi za kumpunguzia mteja bei akienda kununua bidhaa nyingine za kampuni ile ile. Mawakili, kwa upande wao, hawakulipwa kwa hati za punguzo. Walilipwa fedha taslimu, dola milioni 147.5.

Twauliza: je, mtu aliyelalamika kwamba ameuziwa jembe bovu atafurahi kuambiwa aje anunue jembe la pili kwa bei nafuu katika duka lile lile? Maridhiano ya namna hiyo humpatia muuzaji mauzo mapya na kumpatia wakili ujira wake. Mwenye haki huambulia karatasi. Marekani yenyewe iliuona ubaya huo. Sheria ya mwaka 2005 kuhusu mashauri ya pamoja iliagiza kwamba maridhiano yakitoa hati za punguzo, ujira wa mawakili utokanao na hati hizo upimwe kwa thamani ya hati ambazo wateja wamezitumia kweli, si kwa zile zilizochapwa tu. Hilo ni funzo kubwa, nasi tumelipata bila gharama.

Liko shimo la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Mume na mke mmoja wa California walivutwa na tangazo la simu za bure, kisha wakatozwa dola 30.22 za kodi ya mauzo. Walipojiunga na wengine kudai, kampuni ya AT&T iliwaonyesha mkataba wao: ndani yake mlikuwa na sharti kwamba kila mteja atapeleka dai lake peke yake mbele ya msuluhishi, wala hataungana na mwenzake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba sharti hilo lisimame. Tangu siku hiyo kampuni nyingi za huko zimeona kwamba ziko salama zikiandika mstari mmoja tu katika mkataba. Nani atakayekwenda mbele ya msuluhishi kwa dola 30? Mteja amenyimwa umoja wake kabla hajajua kwamba atauhitaji.

Majirani zetu wa Kenya walichagua njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 2010 inazitaja haki za mlaji katika Ibara ya 46, na Ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa maslahi ya kundi. Kisha Sheria yao ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 ikasema kwamba mlaji anaweza kufungua shauri kwa niaba ya kundi hata kama mkataba aliotia saini unamkataza. Yaani sharti lile lililoshinda Washington halina nguvu Nairobi. Mwaka 2019 wakili mmoja wa huko aliipeleka kampuni ya Safaricom mbele ya baraza la rufaa la mawasiliano, akipinga desturi ya kumfutia mteja data aliyokwisha kuilipia kwa sababu tu siku zake zimepita. Mwezi Oktoba mwaka huo huo kampuni hiyo ilianza kuuza vifurushi visivyokuwa na mwisho wa muda. Twaona hapo jinsi dai la mmoja, likiwa ni dai la wote, linavyoweza kuzungumzwa nchi nzima.

Turudi sasa nyumbani. Si haki kusema kwamba mwananchi wa Tanzania ameachwa bila kinga. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Ushindani, iliyounda Tume ya Ushindani. Tume hiyo ina kazi ya kuwalinda walaji dhidi ya udanganyifu katika biashara, na pia kuipitia mikataba ya walaji inayoandaliwa na upande mmoja. Sheria hiyo vile vile humruhusu aliyepata hasara kuiomba Tume itoe amri ya fidia. Mwaka huo huo wa 2003 iliundwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, na pamoja nayo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Mwenye lalamiko juu ya huduma ya simu au intaneti hulipeleka kwanza kwa kampuni yenyewe. Asiporidhika hulipeleka TCRA. Na mwenye kupinga uamuzi wa TCRA hukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani.

Vyombo hivyo vimefanya kazi inayoonekana. Mwaka 2021 TCRA iliweka masharti juu ya vifurushi, ikiwa ni pamoja na mteja kupewa taarifa matumizi yake yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100 ya kifurushi, na kutotozwa nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Na mwanzoni mwa Aprili mwaka huo, kampuni zilipotoa bei mpya za vifurushi, wananchi walilalamika nchi nzima, na Serikali ikaagiza bei hizo zisitishwe. Hapana shaka kwamba sauti ya wengi ilisikika.

Lakini yatupasa tuseme wazi kwamba kusitisha si kurudisha. Amri ya kusitisha huuzuia mkono usichovye tena kesho. Haiirudishi asali iliyokwisha kuchovywa jana. Na njia ya fidia, ijapokuwa ipo, inamngoja kila mtu aje na dai lake, na barua yake, na nauli yake. Mwenye steshenari wa Kawetele ana Mahakama ya Wilaya hapo hapo Tukuyu. Lakini Mahakama Kuu iko Mbeya, mwendo wa kilomita 70 hivi, na ofisi kubwa za kampuni ziko Dar es Salaam. Njia ndefu kama hiyo haiwezi kuitwa haki kwa mtu mwenye dai la shilingi 12,000, isipokuwa apate wenzake wa kutembea naye.

Wako watakaosema kwamba mashauri ya pamoja yatazitia kampuni hofu, yatapandisha bei ya huduma, na yatawatajirisha mawakili. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwani mfano wa Toshiba tuliouleza unaonyesha kwamba ujira wa mawakili unaweza kuwa lengo badala ya kuwa gharama. Lakini dawa ya jambo hilo ni kuiwekea njia masharti, wala si kuifunga njia. Na kuhusu bei, twasema hivi: kampuni inayotimiza mkataba wake haina cha kuogopa katika sheria inayodai mkataba utimizwe. Kampuni inayopunguza bei yake kwa kumwibia mteja kidogo kidogo haijapunguza bei, imeificha.

Sisi tunaona kwamba mambo manne yanahitajika.

La kwanza, Kanuni ya 8 ya mwaka 1966 ipanuliwe. Iseme wazi kwamba hakuna maridhiano katika shauri la uwakilishi yatakayokuwa na nguvu mpaka hakimu au jaji ameyapima na kuridhika kwamba yanawafaa wote wasiokuwapo mahakamani. Anayesimama kwa niaba ya watu 200,000 asiweze kupeana mkono na kampuni faraghani, akachukua chake, na kuliacha dai la wenziwe likizikwa.

La pili, malipo yawe fedha, si hati za punguzo. Nchi yetu ina faida moja katika jambo hili ambayo Marekani ya mwaka 1999 haikuwa nayo. Kampuni inayomkata mteja wake kwa njia ya simu inaijua namba yake na inaijua hesabu aliyokatwa. Basi na imrudishie kwa njia ile ile, pasipo kumjazisha fomu. Mashine iliyoweza kukata shilingi 1,000 usiku wa manane bila kuombwa haiwezi kushindwa kuirudisha mchana. Na fedha zitakazobaki bila mwenyewe kuonekana zisirudi kwa kampuni iliyokosa. Zitumike kuwasaidia walaji, kama vile katika msaada wa kisheria uliowekewa utaratibu na sheria ya mwaka 2017.

La tatu, sharti lolote katika mkataba wa mlaji linalomkataza kuungana na wenzake libatilishwe kwa maneno yasiyo na shaka. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, tangu zamani haikubali mkataba unaomfungia mtu kabisa mlango wa mahakama. Kumwachia mtu mlango ambao hawezi kuufikia peke yake, na kumkataza asishikane mkono na mwenzake, ni kuufunga kwa njia nyingine.

La nne, mikataba hii iandikwe kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Itakuwa ajabu ikiwa jaji anaandika hukumu kwa Kiswahili, na huku mkataba wa kifurushi cha mwenye steshenari, au dhamana ya kompyuta yake, umeandikwa kwa Kiingereza cha herufi ndogo ambacho hata waliosoma hukiruka. Mtu hawezi kusemwa kuwa amekubali asichokielewa.

Hayo ni ya Serikali na Bunge. Yapo pia yaliyo yetu wenyewe, nayo hayangoji sheria mpya. Wilaya ya Rungwe inaijua nguvu ya kuungana. Wakulima wadogo wa chai wa wilaya hiyo hawakupata sauti mbele ya kiwanda kwa kila mmoja kwenda na kapu lake na malalamiko yake. Walijiunga katika chama chao, RSTGA, wakazungumza bei kama watu wenye kauli moja. Mtumiaji wa intaneti hana tofauti na mkulima huyo. Yeye naye ni mtu mdogo mbele ya mnunuzi au muuzaji mkubwa, na tofauti ni kwamba bado hajajiona kuwa yumo katika kundi.

Kwa hiyo twawashauri ndugu zetu, wanachama na wafanyakazi, katika matawi yao, vyama vyao vya wafanyakazi, vyama vya ushirika na SACCOS, wafanye mambo mepesi yafuatayo. Watunze risiti za kompyuta na hati za dhamana. Wasifute ujumbe wa simu unaoonyesha makato. Mmoja akikatwa asichokiomba, awaulize wenzake kumi kama nao wamekatwa. Wakionekana kuwa ni wengi, waandike barua moja yenye majina yao yote, waipeleke kwa kampuni, wabaki na nakala, na wakijibiwa vibaya waipeleke TCRA au Tume ya Ushindani. Barua moja ya watu hamsini wa Kawetele itasomwa kwa macho mengine kuliko manung'uniko hamsini yaliyosemwa barazani. Na siku shauri likifika mahakamani, barua hiyo ndiyo itakayomwonyesha hakimu kwamba hawa ni watu wenye maslahi yale yale, kama kanuni inavyotaka.

Hatuandiki haya kwa chuki juu ya kampuni za kompyuta na simu. Huduma zao zimemsogeza mtu wa Tukuyu karibu na ulimwengu, na nchi inazihitaji. Lakini huduma njema na hesabu ya haki ni mambo yanayokwenda pamoja. Fedha ya mwenye steshenari imetoka katika kurasa alizopiga chapa, moja baada ya moja. Shilingi 1,000 yake ni kazi yake. Aliyeichukua pasipo haki na airudishe, na sheria imwezeshe mwenyewe kuidai pamoja na wenziwe, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.